Mheshimiwa Ajulishwe Yaliyokwisha Tu

Nchi yenyewe sitaitaja. Iko mbali, ng'ambo ya milima ambayo wewe na mimi hatujapata kuiona, kwa hiyo kama kuna msomaji atahisi kaguswa, ajikune mwenyewe. Wenyeji wa huko ni watu wa heshima. Wana viongozi wanaowapenda, na viongozi nao wana wananchi wanaolalamika, na kila upande unamvumilia mwenzake.

Sasa, nchi hiyo ilinunua Mfumo. Herufi kubwa ni yao, si yangu. Mfumo ulikuwa programu ya kompyuta tu, na kazi yake haikuwa na uchawi wowote. Mwananchi akiona bomba limepasuka, anatuma ujumbe kwa simu. Mfumo unaipa kero hiyo namba, kisha unawapelekea baruapepe wote wanaohusika, kuanzia fundi wa bomba hadi Waziri wa Kero na Utulivu. Baruapepe hizo waliziita arifa. Kero ikitatuliwa, arifa nyingine inatoka kusema imetatuliwa.

Balaa likaanza pale Mfumo ulipofanya kazi. Jamani, ulifanya kazi kweli! Fundi Ligola, mtu wa madaraja na mifereji, alikuwa anapata arifa asubuhi, na mchana yuko mtoni, suruali kaikunja, misumari mdomoni. Watu wakazoea vibaya, wakaanza kudhani kulalamika kunasaidia.

Siku hiyo Waziri, Mheshimiwa Bambaza, alikuwa jukwaani akizindua bango lililoandikwa NCHI BILA KERO. Simu yake ilikuwa katika mfuko wa juu wa koti, karibu na kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alinguruma, "barabara zetu zinapitika mwaka mzima..."

Ting! ilisema simu.

"...na maji safi na salama yamefika..."

Ting! Ting!

"...hadi kwa mwananchi wa mwisho kabisa!"

Hapo simu ililia mfululizo kama kengele ya shule. Mama mmoja aliyekaa mbele alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Mwenzake akamwokotea, naye akacheka. Muda si mrefu uwanja mzima ulikuwa unacheka, isipokuwa polisi, ambao walicheka baadaye wakiwa wamevua kofia.

Kesho yake Shomvi Mshangama aliitwa ofisini kwa Waziri.

Shomvi alikuwa mtumishi wa kitengo cha kompyuta. Ofisi yake ilikuwa chumba cha chini kabisa, ukuta mmoja na jenereta, na hakuna mkubwa aliyepata kushuka huko ila aliyepotea njia ya choo. Lakini wizara nzima, yeye peke yake ndiye aliyeujua ukurasa uitwao Mipangilio ya Arifa. Ulikuwa ukurasa umejaa visanduku vidogo. Ukiweka alama ya vema kwenye kisanduku, mtu anapata habari. Ukiiondoa, mtu anapumzika.

"Kijana," alisema Mheshimiwa Bambaza, "mimi ni mtu wa watu. Nataka kujulishwa kila kitu. Kila kitu! Lakini hebu tufikiri kizalendo. Kero ni nini? Kero ni jambo ambalo halijakamilika. Je, kiongozi wa hadhi yangu ataletewaje jambo ambalo halijakamilika? Mimi nijulishwe yaliyokwisha."

"Yaliyokwisha, Mheshimiwa?"

"Likishatatuliwa, niambie. Kabla ya hapo ni umbea."

Shomvi alicheka kidogo, kwa adabu, akafungua ukurasa wake. Kero mpya: akaondoa vema. Kero iliyotatuliwa: akaacha vema. Mheshimiwa aliishika simu iliyonyamaza, akaitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyelala baada ya homa.

Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Shomvi hata ngazi hajamaliza kushuka, Katibu Mkuu, Bi Msimbete, alikwishamwita.

"Shomvi, wewe unanitakia mema kweli?" alisema, mkono kiunoni. "Yaani mimi nijue balaa ambalo Waziri halijui? Nikae nalo kifuani? Kesho watasema namficha mambo. Kesho kutwa watasema najiona najua kuliko yeye. Niondoe!"

Hapa inabidi nieleze, maana nyinyi wa kwetu hamtalielewa jambo hili. Katika nchi ile kuna desturi ya zamani kuliko kompyuta: mdogo halijui jambo baya kabla ya mkubwa wake. Akilijua kwa bahati mbaya, kaliona kwa macho yake barabarani, anapaswa kujifanya hakuliona mpaka mkubwa alione. Nimesikia nyumba ya afisa mmoja iliwahi kuungua, naye akakaa barazani anautazama moshi huku akimsubiri mkuu wake arudi safari.

Basi Bi Msimbete akatoa Waraka wa Adabu ya Arifa. Waraka ulisema kwamba hakuna mtumishi atakayepokea arifa ambayo bosi wake hakuipokea. Bosi wa mabosi wote alikuwa Waziri, na Waziri alikuwa anapokea yaliyokwisha tu. Shomvi akaanza kushuka orodha, anaondoa vema: wakurugenzi, wakuu wa idara, wakaguzi, wasaidizi wa wakaguzi. Wengine walimletea soda. Mmoja alimkumbatia kabisa, akasema tangu aajiriwe hajawahi kupata usingizi kama huo wa tangu jana.

Mwisho akafika kwa Fundi Ligola, ambaye hakuleta soda. Alikuja na nyundo kiunoni, akasimama mlangoni.

"Mzee Shomvi, mbona siku hizi sipati kitu? Daraja likivunjika mimi nitajuaje?"

"Utapata arifa, fundi. Likishatengenezwa."

"Na litatengenezwa na nani?"

"Si wewe?"

Ligola alimtazama. Shomvi akajifanya anatafuta kitu chini ya meza.

Alijua, na mimi sitampaka mafuta. Alijua palepale kwamba alichokifanya ni upuuzi. Lakini Bi Msimbete alikuwa keshamwahidi ofisi ya ghorofa ya tatu, yenye pazia na zulia, na cheo kinachoitwa Msimamizi Mkuu wa Utulivu wa Masanduku ya Barua. Mtu aliyekaa miaka jirani na jenereta, mwambie pazia uone.

Likabaki jambo moja. Mwananchi akituma kero lazima apate jibu, la sivyo atatuma tena, na tena. Mfumo uliweza kujibu wenyewe, lakini Bi Msimbete alisema jibu la mashine ni dharau. Lazima liwe na jina la mtu. Wakubwa wote waliombwa majina yao, na wote siku hiyo walikuwa safarini. Shomvi akanyoosha mkono. Wazo la jina lake kuingia katika simu za nchi nzima lilimpendeza kuliko zulia. Akaandika kwa mkono wake, tena kwa ufundi, akifuta na kurudia mpaka likakaa sawa:

"Ndugu mwananchi, nimeisoma kero yako kwa uchungu mkubwa. Naishughulikia mimi mwenyewe. Wako mtiifu, Shomvi Mshangama."

Akabonyeza, akaenda kutundika pazia.

Sasa twende Kitopeni. Ni kijiji alikozaliwa Shomvi, na kina mto unaoitwa Mchocho, na juu ya mto kuna daraja la miti la watembea kwa miguu. Ng'ambo ya pili ndiko kwenye shule, zahanati na mashine ya kusaga. Shomvi alilelewa na shangazi yake, Binti Sozi, dada wa marehemu baba yake, mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Masika, mto ukijaa mpaka maji yanalamba mbao, huyu mama alimvusha Shomvi mgongoni kwenda shule, madaftari kayafunga kichwani kwa kilemba. Alimvusha hivyo mpaka mtoto akawa mkubwa kuliko yeye, watu wanawacheka, na yeye anawajibu, "Chekeni tu, nimebeba serikali hii!"

Binti Sozi alikuwa wa kwanza Kitopeni kutuma kero. Aliandika kwa kidole kimoja kwamba mbao za daraja zimeoza. Kabla hajaiweka simu chini, jibu likaingia, na chini ya jibu akaona jina. Lo! Alipiga kigelegele majirani wakadhani kuna harusi. Alikwenda nalo kisimani, mashineni, msibani. "Kwa uchungu mkubwa," alisoma, "mmesikia? Kwa uchungu. Naishughulikia mimi mwenyewe. Huyu ndiye Shomvi wangu."

Wiki zikapita, daraja likazidi kuoza. Akatuma tena. Jibu likaja upesi vilevile, na akaona huruma: kijana ana kazi nyingi na bado anamjibu shangazi yake papo hapo.

Vijana wa kijiji, wakiongozwa na Seleka wa Mama Siwema, hawakuwa na uchungu mkubwa. Walikuwa na mashoka. Wakakata magogo, wakayaburuta hadi ukingoni, wakasema Jumamosi watalitengeneza wenyewe. Binti Sozi akaenda akasimama mbele ya magogo.

"Mnataka kumwaibisha mwanangu? Serikali ije na vifaa vyake ikute mmeshapigilia visiki vyenu, atawaambia nini wakubwa zake?"

"Shangazi, mvua inakuja," alisema Seleka.

"Na yeye anakuja. Kasema anashughulikia. Mwanangu si mwongo."

Mtu hawezi kubishana na mama wa watu hadharani. Seleka akatupa shoka begani, akaondoka. Magogo yakakaa, watu wakawa wanachanja kuni kidogo kidogo.

Nisiwafiche: mara moja Binti Sozi alimpigia Shomvi. Alimkuta kikaoni, mjadala ukiwa rangi ya pazia za wakurugenzi.

"Shikamoo Shangazi, nipo kikaoni."

"Marahaba baba, sikucheleweshi. Nimepata barua yako, nataka tu kukushukuru."

Angeweza kuuliza barua gani. Swali lenyewe halikuzidi maneno mawili. "Haya Shangazi, tutaongea," alisema, akakata.

Mvua zikaja. Daraja likavunjika siku Binti Sozi na Mama Siwema wanatoka mashineni na unga kichwani. Hawakufa; Seleka na wenzake waliwatoa. Binti Sozi alivunjika nyonga na mkono wa kulia, Mama Siwema alivunjika miguu yote miwili. Walibebwa kwa machela hadi hospitali ya wilaya, kwa kuzunguka, maana njia ya karibu ilikuwa ndiyo hiyo iliyokwenda na maji. Seleka alituma kero ya daraja kuvunjika, Mfumo ukaipokea, na arifa haikwenda kwa mtu yeyote. Shomvi hakusikia habari. Binti Sozi aliwakataza wasimpigie: "Mwacheni, asije akachanganyikiwa kazini."

Huku mjini, Sikukuu ya Utulivu ilikuwa inakaribia, na Waziri alitaka habari njema nyingi kwa pamoja. Bi Msimbete akaunda Kamati ya Kufunga Kero. Kamati ilikaa hotelini, ikala, ikafikia uamuzi wa kitaalamu: mwananchi aliyekuwa akilalamika kisha akanyamaza, au akazima barua zake, ni mwananchi aliyeridhika, na kero yake imetatuliwa. Shomvi ndiye aliyeingiza sheria hiyo kwenye Mfumo. Yeye mwenyewe alijiwekea vema mahali pamoja tu, kwenye arifa inayomwambia mwananchi mmoja zaidi ameridhika, kwa sababu ilikuwa inamfurahisha.

Binti Sozi, mkono wake wa kuandikia ukiwa ndani ya plasta, alikuwa kanyamaza.

Siku ya sikukuu, ukumbi umejaa, Shomvi alibonyeza kitufe mbele ya watu. Simu zikalia ukumbi mzima, ting ting ting, za Waziri, za Katibu, za wakurugenzi, kero zote zimekwisha! Watu walisimama wakapiga makofi, wengine wakatoa machozi. Mheshimiwa Bambaza akamvisha Shomvi Nishani ya Utulivu, akasema kijana huyu kaleta ukimya ambao mababu zetu waliuota.

Shomvi alipokuwa anashuka jukwaani, Fundi Ligola alimshika mkono. Alikuwa kavaa shati safi, na simu yake iko mkononi.

"Hongera. Kitopeni si ndiyo kwenu? Nimepata arifa hapa, daraja lenu limetengenezwa. Nani kalifanya? Maana mimi sikwenda."

Shomvi aliifungua kero ile palepale, kwenye ngazi za jukwaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kero yoyote na kuisoma. "Mwanangu Shomvi, mbao ya tatu imekwenda." "Mwanangu, pole na kazi, ni mimi tena." "Baba, watu wananiuliza, nawaambia unakuja." Na chini ya kila moja, yeye, kwa uchungu mkubwa, anaishughulikia mwenyewe. Mwisho ulikuwa ujumbe wa Seleka: daraja limevunjika, shangazi yako yuko hospitali.

 Shomvi alirudi jukwaani akamkaribia Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, kuna daraja..."

"Limetatuliwa?"

"Mheshimiwa, limevunjika. Watu wameumia."

Mheshimiwa Bambaza aliinama, akanong'ona kwa upole. "Katibu Mkuu analijua?"

"Hapana."

"Basi mimi silijui. Na wewe ndiyo kabisa." Akamgeuza kwa bega, wapige picha. Na Shomvi, ngoja niseme yote, alitabasamu kwenye hiyo picha.

Alifika hospitali kesho yake. Nishani aliivua getini, akaitia mfukoni pamoja na simu. Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa watu wa Kitopeni waliokuja kuwaona wagonjwa. Mama Siwema alikuwa kitanda cha pili, miguu kainuliwa juu kwa kamba. Aliugeuza uso.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba baba! Umekuja, na kazi zote zile!" Sauti ya Binti Sozi ilikuwa imepungua nusu. "Jana barua yako imeingia, nesi katusomea wodi nzima. Eti kero imetatuliwa, unanishukuru kwa uvumilivu. Hapo, baba, sikukuelewa. Lakini nikasema we una sababu zako. Unisamehe nilivyokusumbua, kila mara mimi, kila mara mimi."

Shomvi alikaa kwenye ukingo wa kitanda. 

"Shangazi, si mimi. Ni mashine. Inajibu yenyewe. Mimi sikusoma hata moja. Hakuna aliyesoma."

 Binti Sozi akatupa jicho kitanda cha pili.

"Sema polepole," alisema.

"Shangazi, mimi..."

"Polepole, nimekwambia. Jina si lako lile?"

"Ni langu."

"Na hilo la kwa uchungu mkubwa?"

"Niliandika mimi. Mara moja tu. Mashine ikawa inarudia."

Binti Sozi alifumba macho. Chozi lilimtoka, na Shomvi, ambaye hajapata kumwona akilia, alitamani sakafu ifunguke immeze na viatu vyake. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Hakuwa na pa kuweka macho: akitazama huku kuna plasta, akitazama kule kuna Seleka, kasimama mlangoni na chupa ya chai.

"Mtoto wa yule ndiye aliyekata magogo," alinong'ona Binti Sozi. "Nilimzuia mimi. Mbele za watu. Nilisema mwanangu si mwongo. Sasa mimi nitarudi vipi kijijini na uso huu?"

"Nitalitengeneza, Shangazi. Naapa, nitakwenda kwa Ligola leo hii, nitalishughulikia mimi mwe..."

 Wote wawili waliyasikia maneno hayo.

Binti Sozi akatoa simu chini ya mto kwa mkono wa kushoto. "Hizi barua zako zimenifuata mpaka hapa kitandani. Simu ikilia, watu wananitazama. Zinazimwaje?"

"Shangazi, daraja..."

"Sikukuuliza daraja. Wewe si ndiye fundi wa hivi vitu? Nionyeshe."

Naye akamwonyesha. Alifungua katika simu ile ukurasa alioujua kuliko mtu yeyote katika nchi ile, akashuka mpaka kwenye kisanduku kilichoandikwa Nipokee barua kutoka kwa Shomvi Mshangama. Kilikuwa na vema. Binti Sozi hakutaka asaidiwe. Aliiondoa mwenyewe, kwa kidole cha kushoto. Simu ikauliza, Una uhakika? Aliyasoma maneno hayo polepole, midomo ikicheza, akabonyeza Ndiyo.

Ting! ililia simu ndani ya mfuko wa Shomvi, ikagonga nishani. Hakuhitaji kuitoa ajue imesema nini. Mwananchi mmoja zaidi ameridhika, hongera, na chini yake jina la shangazi yake.

"Nani huyo?" aliuliza Binti Sozi, macho yake yapo ukutani.

"Hakuna mtu, Shangazi."